Miaka 50 ya Wahandisi wa Mlimani, Tukiitazama Kutoka Mkange

Julai 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi. Julai 2023 kitivo hicho, ambacho leo kinaitwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, kilitimiza miaka 50. Hotuba hazikosekani pale Mlimani, kilipo chuo hicho, na zinastahili. Sisi tumechagua kuandika pongezi zetu tukiitazama Ndaki kutoka Mkange, kwa sababu hapa ndipo mtu anapoona kwa macho kazi ya mhandisi ni nini.

Mkange ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo, nchi ya Wadoe na Wazigua, na upande wake wa baharini iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kwa miaka mingi msafiri wa Bagamoyo aliyetaka kufika Tanga kwa lami alizunguka Msata, akavuka Wami, akapita Segera, ndipo akateremka tena pwani. Njia ya mkato ilikuwepo, ya Mkange, Mkwaja na Pangani, lakini ilikuwa ya udongo, na masika yakishika kila mwenye gari aliiogopa. Ukifika Pangani ulisubiri kivuko cha Bweni. Mgonjwa, mama mjamzito, gunia la ufuta, samaki wa Mkwaja aliyekwisha kuwekewa barafu, wote walisubiri.

Kisha njia hiyo ikaanza kujengwa. Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za awamu ya kwanza ya ushoroba wa pwani wa kuunganisha Bagamoyo na Malindi. Upande wa Kenya ni kilomita 54 kati ya Mombasa na Kilifi. Upande wetu ni kilomita 120.8 zinazoanzia hapa Mkange hadi Pangani: kilomita 95.2 za Mkange, Mkwaja na Tungamaa, kisha daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani pamoja na barabara zake unganishi.

Aliyepita kwenye mchepuko wakati wa ujenzi na kula vumbi aliona magreda, malori ya kifusi na vijana wenye vizibao vya kung'aa. Kazi iliyoamua mambo hakuiona, kwa sababu ilifanyika kabla greda halijawashwa. Nyanda za Saadani na bonde la Wami zina udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha unavimba, unanasa tairi na kuvua watu viatu. Ukimwaga lami juu ya udongo huo bila kuushughulikia, barabara itainuka na kudidimia kila msimu mpaka ikatike vipande. Kwa hiyo mtu wa maabara huchota udongo, akaushindilia ndani ya kopo la chuma, akauzamisha majini siku nne, halafu akausukumia pistoni taratibu kwa mashine ili aone unastahimili uzito gani. Inatoka namba moja. Namba hiyo ndiyo itakayosema kama udongo uondolewe na kuletwa kifusi cha mbali, au uchanganywe na chokaa, au tuta linyanyuliwe juu zaidi. Chini ya namba hiyo kuna saini ya mhandisi. Akizembea, au akikubali kubembelezwa ili kazi iende haraka, hakuna atakayejua siku ya uzinduzi. Watakaojua ni watu wa Mkange, masika ya tatu au ya nne, mkandarasi akiwa amekwisha kuhama.

Hiyo ndiyo taaluma ambayo Mlimani imeifundisha kwa nusu karne, nasi tunaiheshimu kwa sababu uaminifu wake unapimwa na mvua.

Wasomaji vijana huenda wasijue tulikotoka. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, nchi tatu ziligawana fani. Udaktari ulikuwa Makerere, sheria ilikuwa Dar es Salaam, ambako kitivo cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na uhandisi ulikuwa Nairobi. Mtanganyika aliyetaka kuwa mhandisi alipanda basi kwenda Nairobi au ndege kwenda Ulaya, India, Urusi. Muungano ule wa vyuo ulipovunjika mwaka 1970 kila nchi ikabaki na vyake, na Tanzania ikabaki na wanasheria bila mahali pa kuwafundisha wahandisi wake. Na ulikuwa wakati wa ujenzi mkubwa kuliko wote. Wachina walikuwa wanatandika reli ya TAZARA, bwawa la Kidatu lilikuwa mbioni, vijiji vilihitaji visima, mikoa ilihitaji barabara. Kitivo kikaanzishwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na kozi yake ikawa ya miaka minne.

Wajerumani waliacha kitu kimoja ambacho tunaomba kisiguswe: mafunzo kwa vitendo. Kila mwisho wa mwaka wa masomo mwanafunzi hupelekwa kiwandani, karakana ya reli, mtambo wa maji au eneo la ujenzi. Wanafunzi wenyewe husema wanaenda PT. Huko ndiko mtoto wa hesabu anapokutana na fundi mchundo aliyeshika spana miaka 20, ambaye hakuwahi kukaa darasa la chuo kikuu lakini akisikiliza mngurumo wa pampu anajua beringi ipi imekufa. Mhandisi mwema hutambulika kwa namna anavyozungumza na fundi huyo. Waliojishusha na kusikiliza walirudi Mlimani wakiwa watu wengine.

Basi, wamefika wapi wahitimu hao?

Tuanze na aliyekwenda mbali. Dkt. Frannie Léautier alihitimu uhandisi ujenzi Mlimani mwaka 1984, akaenda Massachusetts Institute of Technology nchini Marekani kusomea usafirishaji na kisha mifumo ya miundombinu hadi shahada ya uzamivu. Akaingia Benki ya Dunia, akawa mkuu wa ofisi ya rais wa benki hiyo James Wolfensohn, kisha Makamu wa Rais na kiongozi wa taasisi yake ya mafunzo. Baadaye aliongoza Taasisi ya Kujenga Uwezo Afrika yenye makao yake Harare, na akashika nafasi ya juu katika Benki ya Maendeleo ya Afrika. Waliomfahamu kwa vyeo hivyo humdhania mchumi tangu mwanzo. Alianza na zege na hesabu za mihimili, Mlimani, katika miaka ambayo msichana darasani mle alikuwa wa kuhesabika. Kila anayesema uhandisi hauna mwisho zaidi ya kofia ngumu na vumbi amwangalie mama huyu.

Mwingine hakwenda mbali, na jina lake linatamkwa kila siku na makondakta wa daladala. Balozi Mhandisi John Kijazi, mtoto wa Korogwe na mhitimu wa uhandisi ujenzi wa Mlimani, alipanda ngazi za Wizara ya Ujenzi hadi ukatibu mkuu, akatuwakilisha India, na mwaka 2016 akawa Katibu Mkuu Kiongozi. Alifariki Februari 17, 2021. Wiki moja baadaye barabara za ngazi tatu za makutano ya Ubungo zikazinduliwa kwa jina lake. Tangu Septemba 2018 makutano ya Tazara nayo yalikuwa yamepewa jina la Mhandisi Patrick Mfugale, mkuu wa wakala wa barabara, Tanroads, mtu wa madaraja, naye akiwa hai na anasikia. Mfugale alifariki Juni mwaka huo huo wa 2021. Katika nchi ambayo barabara na shule hupewa majina ya wanasiasa, kuona malango mawili makubwa ya Dar es Salaam yakiitwa kwa majina ya wahandisi ni jambo la kushukuriwa. Tunalitaja kwa makusudi, na tutalirudia kabla hatujamaliza.

Wako walioitumikia elimu yenyewe. Profesa Matthew Luhanga, mhandisi wa umeme na mwalimu wa kitivo hiki, alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo kizima kwa miaka 15, kuanzia 1991 hadi 2006, kipindi ambacho vyuo vingi vya Afrika vilikuwa vinakwisha nguvu kwa ukata. Profesa Tolly Mbwette, aliyejulikana kwa utafiti wa kusafisha majitaka kwa ardhioevu za kutengenezwa, zenye matete na changarawe badala ya mitambo ghali, aliongoza Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kuanzia 2005 hadi 2015. Profesa Burton Mwamila, mwalimu wa uhandisi ujenzi, ndiye aliyekabidhiwa kuanzisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela kule Arusha akiwa Makamu Mkuu wake wa kwanza. Ni katika taasisi hiyo Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi kemikali, alikotengeneza chujio la maji la mchanga na chembe ndogo sana za kunasa madini na vijidudu, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya kila eneo. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Kwa wenzetu wa Arusha na Manyara wanaokunywa maji ya floridi inayoharibu meno na mifupa, chujio hilo ni afya.

Mwamila huyo huyo na wenzake wa Mlimani walifanya jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha: mpango wa kongano bunifu, yaani kuwakusanya wazalishaji wadogo wa bidhaa moja na kuwaunganisha na watafiti na serikali. Katika mkondo huo ndipo mwaka 2006 lilipozaliwa kongano la mwani la Zanzibar, ambalo mtafiti Dkt. Flower Msuya amelilea, na wanawake waliokuwa wakiuza mwani mkavu kwa bei ya kutupa wakaanza kuutengenezea sabuni. Watu wa pwani wanaojua uchungu wa kuinama majini tangu maji yanapokupwa wataelewa kwa nini tunaliweka katika orodha ya mafanikio ya wahandisi, ingawa hakuna hata mfuko mmoja wa saruji uliotumika.

Hao ni wenye majina. Kundi kubwa zaidi halina.

Mkazi wa Dar es Salaam akifungua bomba, sehemu kubwa ya maji anayokinga imetoka mtambo wa Ruvu Chini, huku huku wilayani Bagamoyo. Mtambo huo ulijengwa katikati ya miaka ya 1970, ukapanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku. Usiku wa manane pampu ikigoma, yupo mhandisi wa zamu anayeamshwa. Humjui. Sisi pia hatumjui. Reli inayotoka Ruvu kwenda Mruazi, iliyojengwa mwaka 1963 na kupita jirani hapa Matipwili ikivuka Mto Wami, ilikuwa imemezwa na vichaka. Shirika la Reli likaifufua, na Desemba 2019 treni ya abiria ikafika tena Moshi, na mwaka uliofuata Arusha. Kuna watu waliotembea juu ya mataruma yale kipande kwa kipande wakipima upana wa njia na kugonga kila daraja. Daraja jipya la Wami katika barabara ya Segera, lenye urefu unaozidi mita 500, lilianza kutumika mwaka 2022 kando ya lile la 1959 ambalo lilikuwa na njia moja tu na mteremko uliokwisha kuua wengi. Kule Rufiji bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na msimamizi wake kwa niaba ya nchi alikuwa TECU, kitengo cha ushauri wa kihandisi cha Tanroads, chenye wataalamu wetu wenyewe.

Hilo la TECU lina uzito wa pekee. Wakati Kidatu inajengwa, Mtanzania katika mradi mkubwa alikuwa mwanafunzi wa kutazama. Rufiji, Mtanzania ndiye aliyemwambia mkandarasi kutoka Misri kwamba zege hili limefaulu, lile livunjwe. Kutoka kutazama hadi kukataa zege la mkandarasi wa kimataifa ni safari ya miaka 50, na sehemu kubwa ya nauli yake imelipwa na Ndaki hii, ikisaidiwa na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, na Chuo cha Ufundi Arusha, na chuo cha Mbeya, na wenzetu waliosomea ng'ambo wakarudi. Tunawaunganisha wote katika pongezi hizi. Daraja halijui cheti cha nani kilitoka wapi.

Lakini tusiimbe tu. Kusimamia ni hatua, bado si mwisho wa njia. Bwawa la Rufiji lilijengwa na Wamisri, reli ya kisasa na Waturuki katika vipande vyake vya mwanzo, daraja la Wami na Wachina. Tunao wahandisi wa kusimamia; makampuni ya kizalendo yenye mitaji, mitambo na rekodi ya kubeba kazi hizo ni machache mno. Kijana anahitimu na alama nzuri za usanifu, anaajiriwa kuwa mkaguzi wa usanifu uliofanywa kwingine. Miaka kumi ikipita, mkono wa kubuni umekufa ganzi. Kama maadhimisho ya miaka hiyo 50 yatazaa jambo moja la sera, tungependa liwe hili: kila mradi mkubwa uwe na sehemu ambayo usanifu wake unafanywa hapa nyumbani tangu mstari wa kwanza, kwa jukumu kamili na hatari zake zote. Yawe makalavati, barabara unganishi, kituo cha kupozea umeme, chochote, mradi kiwe chetu tangu karatasini.

La pili ni wasichana. Mlimani imewahi kuwa na programu ya matayarisho kwa wasichana wenye ufaulu unaokaribia vigezo, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi imewahi kuwashika mkono wahitimu wanawake kwa msaada wa Norway katika mpango wake wa mafunzo kazini wa miaka mitatu. Ni kazi njema. Hata hivyo msichana wa Mkange hafiki kwenye programu hiyo kama shule yake haina mwalimu wa fizikia. Ndaki inaweza kufanya jambo la gharama ndogo. Wanafunzi wanaoletwa PT kwenye mradi wa barabara wapewe siku moja kwa wiki kufundisha hesabu na fizikia katika sekondari iliyo jirani na kambi. Binti aone kwa macho yake kopo lile la udongo na pistoni ile, na amwone mwanamke mwenzake akisoma namba.

Tulisema tutarudi kwenye majina. Nenda kwenye daraja lolote lililozinduliwa kwa shangwe, soma jiwe lake. Mara nyingi utakuta jina la mgeni rasmi, cheo chake na tarehe. Jina la aliyelisanifu halipo, wala la aliyesimamia zege lake likimwagwa usiku wa mvua. Hatusemi viongozi wafutwe. Fedha za umma hupitia kwao na lawama pia huwaangukia. Tunasema nafasi ipo chini yao. Andikeni mhandisi msanifu, mhandisi mkazi, mhandisi wa udongo, na fundi mkuu. Akistahili sifa, wajukuu zake wapite wamsome. Na nguzo ikipasuka kabla ya wakati wake, umma ujue wa kumuuliza.

Ndaki nayo ina kazi yake. Ina orodha za wahitimu tangu mahafali ya kwanza. Iwatafute, iwaulize kila mmoja amejenga nini, wapi, mwaka gani, kisha itoe kitabu kilichopangwa kwa wilaya, ili mtu wa Bagamoyo, wa Kilwa au wa Kasulu afungue ukurasa wake aone visima, nguzo za umeme, mitambo na makalavati ya kwao pamoja na majina ya waliosomeshwa kwa kodi yake. Kitabu hicho kiuzwe kwa bei ya mkulima na kiwekwe katika kila maktaba ya sekondari.

Wakati kinaandikwa, kuna mahali pa kuanzia. Ni daraja la Pangani na jiwe lake la uzinduzi. Tanroads inaweza kukusanya majina kutoka maabara ya udongo hadi ofisi ya mhandisi mkazi, na kuyachonga.